Cheche za Trekta la Mama Miche

Fundi Kinanda alikuwa akipita zake kando ya bustani ya miche, pampu ya maji kaifunga nyuma ya baiskeli, aliposikia sauti tamu kuliko zote katika kazi yake: mashine inayozunguka bila kuwaka. Krr-krr-krr, kimya. Krr-krr-krr, kimya. Kisha mwanamke akaitukana.

Mtu mwingine angesikia shida ya jirani. Kinanda alisikia chakula cha mchana. Jina lile alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa ukimgusa popote anatoa sauti. Spana zake zilikuwa na kutu, ila ulimi wake ulilala na oili ukaamka na oili. Hata ile pampu, nzima kabisa, aliipata kwa kumshawishi mkulima mmoja kwamba ina kifafa.

"Hodi hapa!" aliita, akiwa ameshaingia.

Mwenye bustani, Mama Miche, mjane wa makamo mwenye udongo hadi viwikoni, alikuwa amekaa juu ya trekta dogo la kukatia majani, kuukuu, rangi yake imebaki kwenye mikunjo tu. Kivulini, mama mkwe wake alikuwa akijaza udongo kwenye vifuko vya miche, hana habari na mtu.

"Karibu, baba. Wewe fundi?"

"Mama, mashine zikiniona zinaniamkia."

"Basi hii haina adabu. Imegoma tangu juzi."

Kinanda alifungua plagi, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akamwomba mama azungushe ufunguo. Hakuna cheche. Akatoa plagi mpya mfukoni. Hakuna cheche. Sasa, tumpe mtu haki yake: Kinanda alikuwa fundi kweli. Utapeli wake haukutokana na kutojua, ulitokana na kujua. Plagi ikiwa nzima na cheche haipo, ama koili, kile kifaa kinachozalisha cheche, imekufa, ama kuna kitu kinaibana isiseme.

"Mama, nisaidie maji ya kunywa."

Mama alipoingia ndani, Kinanda aliuchomoa ule waya mwembamba wa kuzimia injini kwenye koili, akazungusha ufunguo mwenyewe. Ta! Cheche ya buluu, nene, yenye afya. Akakohoa haraka kuifunika. Akaufuata waya mpaka chini ya kiti, kwenye swichi inayozima injini dereva akiinuka, na pale akaukuta umechubuka, shaba yake inabusiana na chuma. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kipande cha utepe, basi. Akaurudisha waya ulivyokuwa.

Bibi kule kivulini aliinua macho. "Una kikohozi, mwanangu?"

"Vumbi tu, bibi."

"Pole. Vumbi la hapa linawakohoza sana mafundi."

Mama aliporudi na maji alimkuta fundi amevaa uso wa kutangaza msiba.

"Mama, koili imekufa. Imekufa pamoja na sumaku yake. Na sumaku ikifa, umeme unarudi ndani kwa hasira, unatafuna pistoni."

"Jamani! Hakuna vipuri?"

"Waliovitengeneza wameshastaafu, wanalea wajukuu." Akashusha pumzi. "Sipendi kukuacha na maiti uani. Nitalibeba mwenyewe nikalikate chuma chakavu."

"Ulibebe bure, mie nibaki natazama? Miche yangu inakauka, baba." Jicho lake likatua kwenye baiskeli. "Ile pampu inafanya kazi?"

Kichwani mwa Kinanda mambo yalijipanga yenyewe. Meneja wa uwanja wa mpira alikuwa na nyasi za kufika magotini, mechi Jumamosi, na alikwisha kutangaza kwamba atatoa pikipiki yake kwa yeyote atakayemletea mashine ya kukatia. Pampu izae trekta, trekta lizae pikipiki. Alichotamani ni kuisikia injini ikinguruma kwanza, walau mara moja. Lakini maiti unaiwashaje mbele ya wafiwa? Uongo wake mwenyewe ulimfunga mikono.

"Kwa huruma tu, mama, chukua pampu."

"Una hakika limekufa?"

"Mimi na uongo hatujawahi kulala nyumba moja."

"Umesikia, mama?" Mama Miche alimgeukia mkwewe. "Fundi kasema limekufa."

"Nimesikia," alisema bibi. "Limekufa."

Walipolisukuma hadi nyuma ya kona, Kinanda alimuaga mama, akauzungushia waya utepe, akatia petroli, akageuza ufunguo. Injini ikaitika kama iliyokuwa ikimsubiri. Alikwenda uwanjani ameketi wima, baiskeli ikiburutwa nyuma.

Meneja, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, alitaka kuliendesha mwenyewe. Mstari wa kwanza, nyasi zililala kama zulia. Wa pili vilevile. Kinanda tayari alikuwa na ufunguo wa pikipiki kiganjani. Mstari wa tatu ikaja harufu, na ilikuwa harufu ya sabuni inayokaangwa. Povu likachuruzika ubavuni, oili ikalifuata, kisha kishindo, na kipande cha chuma kikatoboa injini kutoka ndani kikaangukia katikati ya uwanja.

Meneja alishuka mweusi kwa oili. Alichukua ufunguo wake, halafu akachukua na sanduku la spana za Kinanda. "Utalipata nyasi zikiisha kukatwa," alisema. "Kwa chochote utakachokatia."

Kinanda aliinama kuitazama injini. Ufa mrefu, uliozibwa kwa sabuni ya mche na kupakwa rangi kwa ustadi mkubwa.

Alirudi bustanini mbio. Pampu ilikuwa ikinguruma, miche ikinywa, wateja wakichagua miti.

"Mama, umenitapeli! Injini ina ufa!"

"Baba, ulibeba maiti. Umeikuta na jeraha, unashangaa nini?"

Wateja wakacheka.

"Lakini iliwaka vizuri kabisa!"

"Iliwaka?" Mama Miche alifunga bomba. "Bila koili? Na sumaku imekufa?"

Kinanda akashikwa na kikohozi.

Mama alisogea, akashusha sauti, karibu kwa huruma. "Waya ule niliumenya mimi, kwa kisu cha kupandikizia. Marehemu aliniachia matrekta mabovu matano, na mwaka wa pili huu natafuta fundi wa mashine zangu nzima. Atakayeniambia ukweli wa waya, nami nitamwambia ukweli wa ufa, na kazi ni yake ya kudumu. Wewe ni wa nne."

"Limebaki moja," bibi alidakia kutoka kivulini. "Huna rafiki fundi?"

Siku mbili Kinanda alikata nyasi za uwanja kwa fyekeo la kuazima, mgongo ukimuuma, viganja vimechubuka. Meneja alikuwa ameona lile trekta lina kiti kizuri, akaliacha palepale lilipofia na kukaa juu yake, miguu kaikunjua, akimsimamia.

"Fundi," alisema, akapuliza filimbi. "Kushoto umeacha kichaka."