Chupa Kumi na Mbili za Mzungu wa Volkano

Siku Sebahire alipoona chupa tupu za pombe ya jini nyuma ya hoteli ya Wazungu, pale ufukweni Gisenyi, alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. Chupa kumi na mbili, lebo safi! Naye alikuwa amebakiza siku nne tu: baba wa Nyiraneza, mchumba wake, alikuwa amesema kwamba asipoona ng'ombe wa mahari kufikia Jumapili, binti anaolewa na karani.

Alizijaza kanyanga, ile pombe kali ya ndizi iliyopigwa marufuku na Wabelgiji, akaitia majani ya mkaratusi na maganda ya ndimu. Akazipanga kwenye kreti, akazipeleka kwa baiskeli mpaka kwa Mukankusi, mjane mwenye baa na, la muhimu zaidi, mwenye mtamba mnene kule Mudende.

"Mama, hii jini Mzungu mumoja tu anaitengenezaka, kule juu ya volkano," alisema. "Chupa kumi na mbili kwa mwaka, basi! Kila moja iko na ladha yake. Mi nataka ule mtamba tu."

Mukankusi alinusa chupa, macho yakamng'aa. Sebahire akadhani ni tamaa.

"Bon. Onja basi."

"Mimi?"

"We si mwenye pombe? Kwetu mwenye pombe anatanguliaka. Asiyeonja ameweka sumu."

Mila ni mila, hata kwa tapeli. Sebahire akapiga funda. Mukankusi akamsogezea chupa ya pili.

"Na hii. Umesema kila moja iko na ladha yake."

Chupa ya tatu ilikuwa na "harufu ya moshi wa mulimani." Ya tano, "asali ya nyuki waliosoma." Kufikia ya nane mjanja wetu alikuwa akilia machozi ya kweli, akisimulia jinsi yule Mzungu anavyoamka alfajiri kuyabembeleza majani. Alimwona kabisa, na ndevu zake. Alimpenda.

Alipomaliza kuonja ya kumi na mbili, Mukankusi, ambaye hakuwa amelowesha hata ulimi, alizifunga vizibo.

"Nimekubali. Mtamba ni wako. Kesho nitawauzia makarani."

"Makarani!" Sebahire aliruka. "Wanywe hii na viazi? Mama, huna huruma? Nirudishie!"

"Ah, shauri imekwisha."

"Baki na mtamba wako! Nirudishie!"

"Mtamba peke yake?" Mukankusi akaigeukia baiskeli, akaitazama kwa utulivu.

Mabishano hayakufika mbali. Adhuhuri Sebahire alitoka kwa miguu, kreti kichwani, akiyumba katikati ya barabara kwa furaha ya mtu aliyeokoa mtoto motoni. Nyiraneza alimjia akilini mara moja, akapita zake. Aliyemuuma moyo ni Mukankusi. Masikini yule mama, aliwaza, hajui kabisa alichokiachia.