Naomba Dakika ya Tisini na Mbili Irudishwe

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Ukaguzi wa Filamu.

KUH: MFUKO WANGU ULIOMO KATIKA FILAMU "ANAYENGOJA"

Ndugu Mwenyekiti,

Mlangoni mwa ofisi yenu kuna tangazo linalosema kwamba mwananchi mwenye dukuduku kuhusu filamu yoyote alilete kwa maandishi, kwa lugha ya staha, kurasa zisizidi nne. Dukuduku langu lina kurasa tatu na nusu. Staha nitajitahidi.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu linatazamana na stendi ya mabasi, mlango wa bluu, kati ya kinyozi na muuza miwani. Wateja huniita Fundi Jicho kwa sababu situmii utepe. Namtazama mtu kuanzia mabegani, nashuka kifuani, kiunoni, namalizia miguuni, huku nikitaja vipimo kwa midomo bila sauti na kuvihesabu kwa vidole. Nimefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja. Nimekosea mara mbili, na mara moja kati ya hizo mteja alikuwa mjamzito na mwenyewe hajajua.

Jumanne moja mwaka jana, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nilikuwa nimeketi katika ukumbi wa abiria pale stendi. Nilikuwa na mfuko mweusi wa zipu. Ndani yake mlikuwa na suti ya mkwe wangu mtarajiwa, yaani baba wa kijana anayemchumbia binti yangu. Ni suti ya kijivu yenye mistari myembamba, na ilikuwa imekwisha, imebaki vifungo tu. Akaja dada mmoja mwenye kamera ndogo, akaniambia, "Baba, tunaomba tukupige picha ukiwa umekaa hivyo hivyo. Usifanye kitu chochote." Nikauliza ni picha za nini. Akasema ni filamu kuhusu watu wanaongoja. Nikasaini karatasi. Kutofanya kitu nilikuweza tangu mwanzo, wala hawakulazimika kurudia.

Hiyo ndiyo filamu yote, Ndugu Mwenyekiti. Ina dakika tisini na moja na haina muziki. Tupo mimi, benchi, saa ya ukutani, mfuko, abiria wanaokatiza, na mfagiaji anayepita mara mbili. Mwishoni simu yangu inalia, nasema, "Ameondoka? Haya. Nakuja," na hapo hapo giza linaingia. Hayo ndiyo maneno pekee ya filamu nzima.

Siku ya kuonyeshwa nilialikwa, nami nikawaalika wakwe. Tulikaa mstari wa mbele, mimi nikiwa na koti langu jipya. Mlangoni tulipewa kijikaratasi, lakini miwani nilikuwa nimeiacha dukani. Mke wangu ndiye aliyekisoma, na alikisoma taa zikiwa karibu kuzimwa. Kiliandikwa: "Mtu mmoja. Mfuko mmoja. Je, ni gaidi?"

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu macho. Dakika ya kumi na nne anapita mama mwenye gauni la rangi ya chungwa. Namfuata kwa macho kuanzia mabegani mpaka miguuni, midomo ikinicheza. Ukumbi mzima ulizuia pumzi. Gazeti la Jumapili likaandika kwamba "anamchagua, na kumwombea dua ya mwisho." Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nasema tisini na sita, sabini na tisa, mia na nne. Mshono wa bega la kushoto la gauni lile ulikuwa umeshuka. Nikimwona leo bado nitamwambia.

2. Kuhusu tabasamu. Dakika ya arobaini na moja natabasamu. Gazeti hilo hilo linasema ni tabasamu lililobeba chuki ya kizazi kizima. Aliyepita mbele yangu ni bwana mwenye suruali iliyoshonwa na fundi wa mtaa wa nyuma, mshindani wangu, mfuko mmoja uko juu ya mwingine kwa sentimita mbili. Nakubali kwamba lile halikuwa tabasamu la mtu mwema. Lakini chuki yenyewe ni ya mtu mmoja kwa fundi mmoja. Kizazi hakihusiki.

3. Kuhusu mtaalamu. Filamu ilipokwisha, taa ziliwashwa na akapandishwa jukwaani mstaafu mmoja wa mambo ya usalama. Alifafanua mambo matatu: kwamba nilitazama mlango mara hamsini na mbili, kwamba dakika ya sitini na tatu niliusukuma mfuko chini ya benchi kwa kisigino baada ya kumwona mzee mwenye kofia ya kahawia, na kwamba maneno "Ameondoka? Haya. Nakuja" ni namna ya kawaida ya kupokea amri. Kisha akasema watu wa aina hii huwa hawatambuliki kabisa, na ukikaa na mmoja wao mstari mmoja huwezi kumjua. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nilinyoosha mkono ili nieleze, watu wa mistari miwili ya nyuma wakainama. Aliyenipigia simu ni mke wangu, akinieleza habari za mteja aliyekuja dukani.

4. Kuhusu uzito wa kazi. Sisemi watu wasitengeneze filamu za ugaidi. Miaka tisa iliyopita mfuko wa kweli ulilipuka katika ukumbi ule ule. Nilishona nguo za maziko za watu watatu kwa vipimo vilivyokuwa kichwani mwangu, kwa sababu walikuwa wateja wangu. Mashahidi walisema aliyeuweka mfuko alikaa dakika nne tu. Alikuwa mchangamfu, na alimpisha mama mmoja kiti. Hakuwa na utata wowote usoni. Sasa sielewi kwa nini jambo kubwa namna ile litwikwe uso mmoja kwa dakika tisini na moja, tena uso wa fundi cherehani ambaye hata chai hakuwa amekunywa. Wangeongeza hata wawili, tukagawana.

5. Kuhusu biashara. Kinyozi, jirani yangu ambaye tumeazimana pasi miaka kumi na miwili, sasa akinisalimia anaangalia mikono yangu. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi, akaniomba niifungue bahasha yenye sketi hiyo nikiwa nje, yeye akiwa ng'ambo ya barabara. Walinzi wa stendi, ambao sare zao nashona mimi, wameniandikia kwamba wana imani nami kama zamani, ila wanaomba sare zifike bila mfuko. Wiki iliyopita nilivuka barabara na suruali kumi na moja mkononi. Upepo ulikuwepo.

6. Kuhusu binti yangu. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mkwe mtarajiwa ni mkaguzi wa mizigo mstaafu. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kufungua mifuko ya watu. Muelewe basi hali yake pale kwenye viti. Dakika ya ishirini aliniinamia akaninong'oneza, "Fundi, mfuko una nini?" Nikamwambia ni suti yake. Dakika ya hamsini akasema, "Mbona hawaufungui?" Dakika ya themanini alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, amenyoosha mikono mbele kama mtu anayetafuta zipu. Filamu ilipokwisha mfuko ukiwa umefungwa, alitoka bila kuaga.

Kesho yake alikuja dukani na msimamo. Alisema mimi si gaidi, hilo halimsumbui, gaidi asingeweza kukaa na mke wangu miaka yote hii. Linalomsumbua ni mfuko. Hawezi kumwoza kijana wake katika nyumba yenye mfuko ambao watu mia tatu wameutazama kwa saa moja na nusu na hakuna aliyejua kilichomo. Binti yangu akauleta mfuko, akaufungua mbele yake, akaugeuza juu chini. Zilidondoka pini. Mkwe akasema, "Huu ni wa leo, mwanangu. Mimi nautaka wa Jumanne ile."

Nikamkumbusha suti. Suti anayo, anaivaa, inamkaa. Akasema suti ameiona, lakini hakuiona ikitoka mfukoni. Hata hivyo nashukuru kwamba hakuniita mwongo. Alisema, "Katika mafundi wote walionishonea, wewe peke yako hujanidanganya. Uliniambia imebaki vifungo, ikawa vifungo. Ndiyo sababu nilikubali kijana aje kwako. Waandikie basi wafungue huo mfuko, tumalize." Harusi ameisimamisha mpaka atakapoona. Binti yangu halii. Anakaa kwenye cherehani ya pili akishona mito ambayo hakuna aliyeiagiza, na jana alifikisha mto wa kumi na nne.

Nilikwenda kwa mwongozaji, yule dada wa kamera. Alinipokea vizuri. Alisema, "Baba, utata ndiyo filamu yenyewe. Nikifungua mfuko, filamu imekufa." Nikamwambia kwangu mimi kinachokufa ni harusi. Hapo akaniambia jambo ambalo sikulijua: baada ya simu, kamera iliendelea. Ipo dakika ya tisini na mbili. Ndani yake naufungua mfuko, nachungulia, natikisa kichwa, naufunga. Anasema mfuko unaonekana mpaka chini, uzi kwa uzi, kwa kuwa mwanga wa dirisha uliingia vizuri. Aliikata kwa sababu ilikuwa inajibu swali.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba:

(a) Bodi iamuru dakika ya tisini na mbili irudishwe katika filamu, na mkwe aitwe kuitazama kwanza, akae mstari wa mbele.

(b) Filamu yoyote yenye mtu mmoja asiyesema iambatane na maelezo ya chini ya picha yanayoonyesha anachowaza. Kwa upande wangu maelezo hayo nitayaandaa mwenyewe, kwa sentimita.

(c) Mifuko yote katika filamu zote zinazopita mikononi mwenu ifunguliwe kabla ya filamu kuisha. Mkwe yuko tayari kuja kusaidia kazi hiyo bila mshahara, na uzoefu anao.

(d) Mtu asiye na cha kuficha hufungua mfuko wake. Naomba sentensi hii iandikwe kwenye mabango yote ya filamu hiyo, chini ya picha yangu.

Nawasalimu wote hapo ofisini, dada wa mapokezi aliyeniazima kalamu, na mlinzi wa geti, ambaye suruali yake inambana kiunoni kwa sentimita tatu. Aje nimwongezee nafasi. Wasalimieni na wa nyumbani.

Ni mimi, mwananchi mwenye mfuko usio na siri,

Fundi Jicho,
Mlango wa bluu, mkabala na stendi.

Nakala: Mwongozaji wa filamu.
Mkwe, kwa taarifa.

N.B. Mke wangu husoma barua zangu kabla sijazibandika stempu. Hii ameisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Baba watoto, ile Jumanne nilipokupigia simu, mteja aliyekuwa dukani ni nani?" Nikamwambia mteja tu. Akasema, "Mteja gani? Mwenye kofia ya rangi gani?" Nikakumbuka.

Alikuwa mkwe. Alikuja kuchukua suti ambayo kwa miezi minne nilikuwa nikimwambia imebaki vifungo. Nilimwona kwa mbali akivuka barabara, nikachukua mfuko nikatokea mlango wa nyuma, na mke wangu akamwambia nimekwenda kutafuta vifungo. Kofia ya kahawia ya dakika ya sitini na tatu ni yake, alipopita mlangoni mwa ukumbi akinitafuta, mgongo ukiwa kwa kamera, kabla ya kurudi dukani. Mle mfukoni mlikuwa na mita tatu na nusu za kitambaa cha kijivu chenye mistari myembamba, kimekunjwa kama alivyokileta, lebo bado imeshikizwa, hakijaguswa na mkasi. Suti niliikata mchana wa siku ile ile na kuimaliza kwa siku tisa. Sikukusudia kuidanganya Bodi. Kauli ile ya vifungo nimeisema miaka thelathini na moja, na nilikuwa nimefika mahali pa kuiamini mwenyewe.

Kwa hiyo naomba (a), (b), (c) na (d) zifutwe. Nimeifikiria upya hoja ya mwongozaji kuhusu utata, nimeona ina uzito. Filamu isiguswe. Dakika ya tisini na mbili ichomwe, na kama sheria hairuhusu, ifungiwe kabatini na ufunguo apewe mtu asiyekuwa na mazoea ya kufungua vitu. Mimi niko radhi kuendelea kushukiwa kwa lile nisilolifanya. Nakala ya mkwe nimeikata kabla ya N.B.

Atafika hapo ofisini Ijumaa saa tatu asubuhi kuulizia jibu. Ni mtu wa wakati. Tafadhali mwambieni liko tayari, limebaki muhuri tu.