Mwalimu Hamidu Anatafuta Falsafa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Habari kubwa! Mwalimu wa taaluma amehamishwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Gaudence, anasema nafasi ataipata atakayetoa falsafa bora ya ufundishaji mbele ya walimu wote, Ijumaa ya wiki ijayo. Falsafa iwe ya mtu mwenyewe, si ya kunakili. Alisema hivyo akiniangalia mimi. Sijui kwa nini.

Nafundisha Jiografia kidato cha pili. Falsafa sijawahi kuulizwa. Lakini nafasi hiyo ni yangu, ina ofisi yenye feni. Mpinzani ni mmoja tu: Madam Restuta wa Hisabati. Sisi wengine wanafunzi wanatukwepa wakati wa mapumziko. Yeye wanamfuata! Leo nimechungulia dirishani mwa darasa lake. Akauliza swali, akanyamaza. Akasubiri. Darasa zima likawa linafikiri, karibu uwasikie. Nywele zilinisisimka. Mwanamke hatari.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata falsafa! "Mwanafunzi ni chungu kitupu, mwalimu ni mtungi wa maji." Nikamsomea mke wangu, Naima, akiwa anasonga ugali. Akaniuliza: Baba Ikram, hicho chungu kitupu si ndicho kilichokusahihisha juzi mji mkuu wa Australia?

Nimeifuta.

Jumatano, 7 Mei

Nimejaribu kimya cha Restuta. Nikauliza upepo husababishwa na nini. Nikanyamaza. Wakanyamaza. Tukanyamaza wote mpaka kengele. Wawili walikuwa wanakoroma.

Kimya chake kina kitu ndani. Changu hakina. Lazima ana siri.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemsikia Restuta akimuuliza mlinzi wa shule njia ya kwenda Makutupora. Kesho! Mwalimu wa Hisabati ana shughuli gani kwenye mashamba ya zabibu siku ya Jumamosi? Bila shaka kuna mkufunzi mstaafu huko anayemwandikia falsafa. Nitamfuata.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya aibu na maajabu.

Nilivaa kofia ya jua ya Naima, yenye maua, nisitambulike. Nikapanda bodaboda. Restuta akaingia shamba moja. Mimi nikaingilia upande wa pili, nikatambaa kati ya mizabibu. Mara mkono ukanikamata ukosi. Mlinzi wa shamba! Akapiga yowe la mwizi. Nikasema mimi ni mwalimu. Akasema zabibu zilishavunwa, sasa mwalimu anaiba nini, majani?

Watu wakajaa. Restuta naye akaja. Nikajua nimekwisha. Akanitazama, akaitazama kofia, akasema, "Huyu ni mwalimu mwenzangu. Amenifuata, akapotea njia tu." Wala hakuniuliza kitu! Mimi ningeuliza, tena kwa sauti.

Hakukuwa na mkufunzi. Alikuwepo Yasinta wa kidato cha pili, akipogoa mizabibu na mama yake, kibarua wa pale. Kumbe ameacha kuja shule tangu wiki iliyopita. Sikuwa nimeona. Walimcheka darasani, akaapa harudi. Shangazi yake mwenye genge la nyanya Majengo anakuja kumchukua Jumatatu akamsaidie kuuza. Mama alitukaribisha vizuri, lakini alishaamua. "Mwalimu, mtoto mwenyewe ananiambia hana akili. Nimlazimishe ya nini?"

Nikasubiri Restuta ahutubie. Mimi hotuba nilikuwa nayo tayari, ile ya ufunguo wa maisha. Yeye akaketi chini kwenye udongo, na sketi yake ya kwendea kanisani.

"Yasinta," akasema, "siku ile niliuliza kwa nini namba witiri mbili ukizijumlisha unapata shufwa. Ulianza kujibu, wenzako wakacheka, kengele ikalia. Nimekuja kusikia mwisho wa jibu lako."

Basi! Amesafiri mpaka Makutupora kwa ajili ya nusu ya jibu!

Yasinta akainamisha kichwa. Kimya. Restuta akasubiri. Mama akasubiri. Hata mlinzi, ambaye bado alikuwa ameushika ukosi wangu, akasubiri.

Mwishowe mtoto akaokota kokoto. Akapanga saba, mbili mbili, moja ikabaki. Akapanga tano, moja ikabaki. Akasema taratibu, kwa lafudhi yake ya Kigogo, "Kila namba witiri ina mpweke wake. Wapweke wawili wakikutana, hakuna mpweke tena." Akazisogeza zile kokoto mbili pamoja.

Neno mpweke ndilo walilomchekea. Kumbe ndilo lilikuwa jibu lenyewe!

Restuta alishika shavu. Akasema mada hiyo ameifundisha miaka yote kwa herufi tu, na kuanzia sasa ataifundisha kwa wapweke, na ataeleza ni nani aliyemfundisha. Mama akaweka mkasi chini. Akazitazama kokoto muda mrefu. Akamuuliza bintiye kitu kwa Kigogo, mtoto akajibu, wakacheka wote wawili. Kisha akatuambia shangazi atatafuta mtu mwingine.

Sijawahi kuona ufundishaji kama ule. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Na siri yake nimeijua. Ni udongo! Kuketi chini!

Jumatatu, 12 Mei

Yasinta amerudi. Nimemwona getini akicheka na wenzake, moyo wangu ukaruka kama wa baba mzazi.

Kisha kazi. Nimewatoa kidato cha pili nje, wakaketi kwenye udongo. Mada: upepo. Nikabandika chati yangu ukutani. Upepo wa Dodoma hauna adabu! Ukaibandua, ukaizungusha, ukaitupa juu ya paa la ofisi ya mkuu. Watoto wakainuka wote. Wakaanza kubishana: mbona umevuma kutoka mashariki, mbona umejizungusha ulipofika kwenye kona ya jengo? Wengine wakarusha vumbi kuuona unavyopita. Fredy, ambaye huwa hasemi, akadai ameelewa. Ilibidi nifoke. Wanavuruga kipindi cha upepo!

Restuta alikuwa akitazama kutoka dirishani. Baadaye akanipongeza kwa kipindi kizuri. Ana moyo wa huruma, hataki nijisikie vibaya.

Ijumaa, 16 Mei

Siku yenyewe. Nilivaa suti. Nikawasilisha "Falsafa ya Udongo", kurasa nyingi. Nikamwaga udongo mezani kwa mfano. Feni ikawashwa. Mwalimu Gaudence aliondoka kwenda kunawa macho.

Akaja Restuta. Hakuwa na karatasi. Alisema hajui kama hii ni falsafa, ila mwanafunzi akianza kujibu, yeye hujaribu kusikia mpaka mwisho, hata kama mwisho uko mbali. Akaketi.

Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Naapa, mikono ilijiendea yenyewe! Nafasi amepewa yeye, na hata mimi ningempa. Alipopita akaniambia anatamani tufundishane zaidi, maana kile kipindi cha upepo watoto bado wanakizungumzia. Nikainama kwa heshima. Mtu wa aina hii huzaliwa mara chache.

Naima alinipa chai, akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema mengi mno. Akanitazama muda mrefu, akanipa na andazi.

Jumatatu, 19 Mei

Mwanzo mpya! Udongo nimeuacha. Falsafa yangu sasa ni kusikiliza. Kipindi chote cha asubuhi nimekitumia kuiandika ubaoni kwa chaki za rangi, herufi kubwa, na mapambo pembeni: MSIKILIZE MWANAFUNZI MPAKA MWISHO.

Nilipofika kwenye herufi ya M ya "mwisho", msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama. Akasema, "Samahani mwalimu, kuhusu ule upepo, mimi nimegundua kwamba..."

Nikamkatisha palepale, nikamwambia akae. Nikimwacha amalize, nitaandika saa ngapi?