Salamu Ndani ya Tovuti ya Mzee Badrudin

Jumatatu, 6 Desemba 1999

Wiki ya tatu dukani kwa Mzee Badrudin, hapa Shinyanga mjini. Tunauza pampu za maji, sululu na karai kwa wachimbaji wa Geita. Kuanzia Januari Mzee anataka msichana mmoja wa kudumu wa kukaa kwenye kompyuta. Tuko wawili, mimi na Apolonia. Atakayekosa anarudi kwao. Kwetu ni Ushirombo, na jembe langu liko palepale nilipoliacha.

Apolonia anaongea na wateja kama aliyezaliwa sokoni. Leo kamwambia mmoja kwamba mimi na kompyuta tunafanana, hatusemi mpaka tubonyezwe. Mteja kacheka sana. Nimetafuta jibu hadi saa kumi.

Jumanne, 7 Desemba

Tovuti ya duka aliitengeneza Sameer, mpwa wa Mzee. Kwenye ukurasa mmoja ina bei za pampu na kitabu cha wageni, ambamo mtu yeyote popote duniani anaweza kuandika salamu. Mpaka leo wameandika watu wanne. Mmoja wao ni Sameer.

Nikaandika yangu. Nikaipamba kama kadi za salamu za redioni, jina langu, Generosa, kati ya mishale miwili, zile alama za hisabati za ndogo kuliko na kubwa kuliko. Nikatuma. Salamu ipo, jina halipo! Nikarudia. Halipo! Hata kompyuta hainioni.

Sameer kasema kilicho kati ya mishale hiyo tovuti hukidhania ni amri. Amri iitwayo Generosa haiijui, basi inaipuuza. Ila amri inayoijua itaitii, aandike nani aandike. Akanionyesha: kaandika amri fupi, na tulipofungua ukurasa kikaruka kidirisha kimeandikwa Hujambo. Huendelei mpaka ubonyeze OK. Akaifuta.

Nikauliza kama hilo si tundu. Kasema ni tundu ndiyo, programu ya kitabu aliichukua bure mtandaoni, ataliziba siku moja, na kwani Shinyanga nzima nani anajua?

Mimi najua!

Jumatano, 8 Desemba

Nikimwambia Mzee habari ya tundu, kazi ni yangu. Nimefika mlangoni pa ofisi yake mara mbili. Mara ya pili akaniuliza nataka nini. Nikasema nafuta mlango. Nikaufuta.

Mpango mpya: tovuti yenyewe imwambie.

Ijumaa, 10 Desemba

Sikukuu ya jana nimeitumia kuandaa maneno. Mtu mzima huwezi kumrukia na habari mbaya kabla ya kumsalimu. Kwa hiyo, kwa amri ileile ya Sameer, nimeweka kidirisha cha Shikamoo, kisha Mwangaluka, kwa kuwa Mzee kazaliwa hapahapa na Kisukuma anakijua. Kisha za nyumbani, watoto, wazee, mvua, mifugo na vingine vya lazima. Cha mwisho ndicho chenye ujumbe: Tovuti yako ina tundu, aliyeligundua ni Generosa.

Nimetuma kwenye kitabu cha wageni, wenye duka wakiwa msikitini. Kazi safi.

Jumamosi, 11 Desemba

Mzee kafungua tovuti mbele yetu sote. Shikamoo. Akajibu marahaba kwa sauti, akabonyeza. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Moyo wangu juu! Kwenye mifugo akasimama. Akauliza mifugo gani, yeye hana hata kuku. Akazima kompyuta.

Kaiwasha tena. Shikamoo!

Akasema ndio ule ugonjwa wa kompyuta wa mwaka 2000, umetuwahi. Apolonia kasema kwao Tinde jambo kama hili wangeshaita mganga.

Kisha simu kutoka Mwanza. Bwana Ezekiel, mnunuzi wetu mkubwa. Maduara yake ya Geita, yale mashimo ya dhahabu, yamejaa maji, wachimbaji wamekaa juu, anatafuta bei ya pampu upesi, na tovuti yetu inamuuliza habari za mvua. Kasema tunamdhihaki. Ananunua kwingine.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikapanga karai.

Jumatatu, 13 Desemba

Kaja Umesh, fundi wa kompyuta kutoka Mwanza. Akabonyeza OK bila kujibu salamu hata moja, mtu huyu. Alipofika mwisho akasoma jina langu kwa sauti. Nilikuwa nyuma ya mipira ya maji. Apolonia akanyoosha kidole kuonyesha nilipo.

Mzee amefunga Ramadhani, kwa hiyo hakupiga kelele nyingi. Kaniuliza mdomo wangu una kazi gani. Nikaanza kukunja mipira, na nadhani hilo halikunisaidia.

Umesh kanitetea. Kasema tundu ni la kweli, mtu mbaya angeweza kubadilisha bei zote mbele ya macho ya wateja. Sameer akawa anaangalia dari. Umesh kaliziba; sasa mishale ikiandikwa inabaki mishale tu.

Hukumu: nafasi bado iko wazi mpaka Jumamosi. Sharti moja tu. Nikiona kasoro nyingine, niende ofisini, nimwambie Mzee kwa mdomo. Nimeapa.

Jumanne, 14 Desemba

Tundu lingine! Fomu ya oda kwenye tovuti, mahali pa idadi ya pampu, inapokea namba yoyote, hata zilizo chini ya sifuri. Ukiagiza pampu hasi tatu, duka ndilo linalotakiwa kumlipa mteja!

Nikaenda ofisini moja kwa moja. Nikaingia kabisa. Mzee akaweka kalamu chini, akasema karibu mwanangu, sema. Nikamuuliza nimletee chai?

Amefunga! Nikatoka kinyumenyume.

Basi nimeingiza oda ya pampu hasi kwa jina la Bwana Ezekiel. Mzee anasubiri kwa hamu mteja huyo arudi, ataifungua upesi na tundu ataliona mwenyewe. Nimeweka hasi mia. Kumi angedhani kidole kimeteleza.