Buibui Waliomhamisha Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Niwie radhi, shajara. Miezi mitatu bila hata mstari! Ulikuwa kabatini, na mlangoni mwa kabati alikuwa amekaa buibui mpana kama kiganja. Leo amehama kwa hiari yake.

Habari ni mbaya. Mke wangu amekwenda kwa dada yake. Jana alitia mguu ndani ya kiatu akakuta kina mwenyewe. Alisema amevumilia miaka thelathini na minane ya mikoromo yangu na maboksi ya mitihani tangu nilipokuwa mwalimu mkuu, lakini kuvaa kiatu kwa zamu na mdudu, hapana. Atakuja Jumamosi mchana. Akiona buibui mmoja, mmoja tu, hatatua mkoba.

Nyumba imepoa. Nimekunywa chai bila sukari. Sijui sukari hukaa wapi.

Jumanne, tarehe 4

Amekuja kaka wa mke wangu, bwana afya mstaafu, anayekaa nyumba ya pili. Ametumwa kunikagua, hilo halina shaka. Hata kiti hakukitaka. Alinyoosha kidole huku na huku, akaniagiza nizime taa ya barazani, kwa kuwa taa huita wadudu na wadudu huita buibui. Nitoe maboksi yaliyo chini ya kitanda. Nifagie tando na vifuko vya mayai kila siku. Nikauliza kuhusu sumu. Akasema sumu ya nini, shemeji, wengi wa hawa hawana neno na mtu, ni usafi tu.

Usafi tu! Nyumbani kwangu!

Nilimjulisha kwamba mwalimu mkuu haadhibu kabla ya kuandikisha. Akasema haya, mwalimu, ita majina basi. Alicheka mpaka langoni.

Taa nimeiacha ikiwaka. Nitawatambuaje gizani?

Jumatano, tarehe 5

Nimeandikisha kutwa nzima. Kundi la kwanza: wembamba, miguu kama nyuzi, huning'inia pembeni mwa dari na kutetemeka wakiguswa. Waoga. Kundi la pili: wafupi, wenye manyoya, huruka dirishani. Mmoja alinikazia macho yake yote mpaka nikatazama pembeni. Kundi la tatu: wapana, bapa, hukimbia kiubavu ukutani. Hao niliwahesabu nikiwa mlangoni.

Jumla arobaini na mmoja. Nilipokwenda kuhakiki, wote walikuwa wamebadilishana nafasi. Hakuna nidhamu! Nimeanza upya.

Alhamisi, tarehe 6

Mbinu mpya: uhamisho. Unamfunika kwa bilauri, unapitisha kadi chini yake, unamtoa. Kumi na tisa nimewavusha hadi kwenye ua wa shemeji. Nikimpeleka wa ishirini, nilimkuta shemeji mwenyewe nyuma ya maua, kikombe mkononi. Aliuliza kama wageni hawa watalala au watapita tu. Nikamwachia wa ishirini hapo hapo.

Bafuni nimemkamata jike kubwa la kundi la tatu. Amekumbatia kitu cheupe, cha mviringo. Shati langu limepoteza kifungo tangu Jumapili. Mwizi! Nimemtia katika chupa ya jamu na kutoboa kifuniko apate hewa, maana hata mshtakiwa ana haki. Chupa nimeiweka juu ya meza ya vipodozi ya mke wangu. Ajue nimefanya kazi.

Ijumaa, tarehe 7

Shemeji amechungulia dirishani. Akasema kile si kifungo, ni mayai, nimtoe nje leo leo. Wivu! Anataka sifa ziende kwake. Nikafunga pazia.

Jumamosi, tarehe 8

Yalikuwa mayai.

Matundu ya kifuniko yaliwatosha kabisa kutokea. Mamia! Kwenye kioo, kwenye kitana, juu ya mto wake. Nilishika ufagio; wakapanda ufagio. Saa sita kasoro nikasikia lango. Nikasimama mlangoni mwa chumba, mikono nimeitanua. Mke wangu akauliza mbona nimesimama kama kipa. Kabla sijajibu, mdogo mmoja akateremka kwa uzi kutoka kwenye nyusi zangu, katikati yetu, polepole. Mke wangu alimtazama mpaka alipofika sakafuni.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningekuwa na tumaini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba siku nitakayotaka kuishi na yeye, nimjulishe. Akaondoka, mkoba haujagusa chini. Kaka yake alimshikia lango. Hakucheka. Hilo ndilo limenivunja.

Jumapili, tarehe 9

Shemeji yangu wa kike, yule dada mtu, amepiga simu. Masharti ni yale yale: taa, maboksi, ufagio. Nikitimiza kwa juma moja, mke wangu atafikiria. Nimejibu kwamba nimesikia. Kisha nikaketi ukingoni mwa kitanda, upande wake.

Nimetafakari kwa makini. Mbinu haikuwa na kosa, nilipungukiwa wasaidizi. Ukuta wa nyuma wa shule niliyoiongoza umejaa mijusi, wanene, na kazi yao ni kula buibui. Kumi wanatosha? Au ishirini, ili wafanye kazi kwa zamu? Jambo hili halitaki pupa. Nitashika kalamu tena nitakapokuwa nimeamua idadi.