Mtandao Usio na Bosi

Jumatano, 5 Machi
Seva yangu ya mtandao wa kijamii ina watu tisa. Ya Washington Bentancor, mtaa wa pili tu hapa Montevideo, ina mia mbili na kumi na wawili! Na yule ni fundi friji! Uzuri wa mtandao huu ni kwamba hauna bosi: kila mtu na seva yake, na watu wa seva zote wanasomana. Ubaya wake ni kwamba binti yangu Maite amejiunga kwa Washington. Nami seva yangu niliifungua kwa ajili yake! Tangu niachane na mama yake hatupigiani simu, tunaandikiana humu tu. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba Washington ana maswali mawili ya kujiunga, mimi kumi na manne. "Baba, umeniuliza uhuru ni nini. Mimi nilitaka kuweka picha ya paka!"

Maswali yote ni ya lazima.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango! Nimeifungia seva ya Washington isiwasiliane na yangu. Watu wake watanikosa, watahamia kwangu, Maite wa kwanza. Nimejipongeza kwa chai ya yerba, birika zima.

Jumamosi, 8 Machi
Tumebaki watatu. Mmoja ni mimi. Wa pili pia ni mimi, kwa akaunti ya majaribio. Wa tatu ni Doña Elvira wa ghorofa ya chini, aliyenivamia ngazini. "We Nelson, si ulisema humu hakuna bosi? Nani kamfungia dada yangu aliye kwa Washington?" Nikasema ni uamuzi wa jumuiya. Akauliza ilikaa wapi. Ilikaa jikoni, nilikuwepo.

Jumapili, 9 Machi
Maite kimya, siku ya nne. Amenuna. Simpigii! Atakayepiga kwanza ameshindwa.

Jumatatu, 10 Machi
Washington kanishika bega dukani kwa mwoka mikate. Akauliza mbona jana sikuonekana uwanja wa ndege. Maite amehamia Hispania, kazi imetokea ghafla. Aliniandikia Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi tena: njoo kwenye nyama choma ya kuniaga, baba. Mtandao haumwambii mtu kwamba amefungiwa. Akadhani nimenuna. Waliniwekea kiti karibu na moto, kikabaki kitupu. Masanduku kayabeba Washington.

Nimelia barabarani, mikate mkononi.

Nyumbani nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona, liko kwenye fomu. Nimeongeza swali la kumi na tano, la lazima: una mpango wa kuhama nchi?

Washington bado nimemfungia.