Mahali pa Makofi

Alhamisi, 20 Februari
Kwa heshima na taadhima naitangazia shajara hii: leo nimetia mabano kwenye hotuba ya Rais. Ndani yake: "Nyamaza. Ngoja makofi." Hakuna aliyeona.

Rais wetu, Bi Hilja Raudvere, hana uwezo wa kufunga wala kufungua hata choo cha stesheni. Katiba imemwachia mdomo tu, na mdomo huo nauandikia mimi. Siku ya Uhuru Estonia nzima hukaa mbele ya televisheni, mkate mweusi wa dagaa mkononi. Akisema shule ndogo zisifungwe, makofi yakalipuka, halmashauri ya Sookalda, kijijini kwetu, itathubutu kuifunga shule anakofundisha dada yangu Maimu? Thubutu! Marais wa ng'ambo ndivyo wafanyavyo: hunyamaza, wakapigiwa makofi.

Jumatatu, 24 Februari
Aibu! Bi Rais alifika kwenye maneno ya shule. Akanyamaza. Akangoja. Ukumbi nao ukangoja. Sisi Waestonia hatupigi makofi hotuba ikiwa katikati. Ni kama kumlia mwenyeji chakula kabla hajakaribisha. Nimezaliwa hapa hapa. Nilisahauje? Mtu akakohoa. Bi Rais akautabasamia ukumbi; ukumbi ukatazama viatu. Nilitamani sakafu inimeze, na suti yangu ya kukodi.

Maimu kapiga simu. "We Tarmo, huyo Rais wako kashikwa na nini? Tulidhani televisheni imeganda. Shemeji yako kaizaba kofi." Ndilo pekee lililopigwa usiku huu.

Jumanne, 25 Februari
Magazeti yote: afya ya Rais. Daktari mmoja kachora na ubongo. Shule, hata neno! Bi Riina, mkuu wa ofisi, akauliza nani katia mabano. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Bi Rais akasema ni yeye, alitaka kuwawaza watoto kidogo. Kisha akanipitia karibu, akasema taratibu kwamba safari nyingine nimtafutie maneno, kimya anacho chake. Bora angenitukana.

Ijumaa, 28 Februari
Makubwa! Sasa wanakisifu. "Kimya cha watoto," ndivyo wanavyokiita. Walimu wa mji wa Tartu wamesimama kimya uwanjani. Waziri mmoja naye kanyamaza mbele ya kamera, ingawa yeye, nadhani, alikosa jibu. Nchi nzima inazungumzia shule! Nikampigia Maimu, nikajitapa. Akasema haya mheshimiwa, halmashauri inakaa Jumatano, tutaona.

Alhamisi, 6 Machi
Halmashauri imekaa. Mwenyekiti alimsifu sana Rais, akawaomba wajumbe wasimame kimya kwa heshima ya shule. Wakasimama. Wakaketi. Wakapiga kura ya kuifunga, wote. Maimu alinisimulia bila hasira hata chembe, akaniuliza kama ninakula vizuri. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Ila kosa nimelibaini: kimya kilikuwa kifupi. Kwenye hotuba ya Juni nimekirefusha mara mbili. Bi Rais hajaambiwa.

Kuanzia Septemba, watoto wa Sookalda watapanda basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi.